Tathmini ya kozi ya Kiingereza cha mabaharia: wiki 12 za kujifunza kuondoa shaka redioni

Kozi ninayoitathmini hapa ni ya Kiingereza cha mabaharia, inayofundishwa kwa njia ya intaneti kwa muda wa wiki 12, na mimi niliifuata yote, tangu somo la kwanza hadi mtihani wa mwisho, nikiwa likizoni baada ya mkataba wa miezi saba melini. Mimi ni afisa wa tatu wa sitaha. Kiingereza nilikuwa nacho tangu shule na kukizungumza hakukunishinda. Kilichonifanya nijiandikishe ni jambo lililotokea usiku mmoja tulipokuwa tukitia nanga, nitakaloeleza mbele, lililonionyesha kwamba mtu anaweza kukijua Kiingereza na bado asijue kukitumia kazini. Taasisi inayoiandaa kozi sitaitaja, kwa kuwa baadhi ya kasoro nilizozikuta zinaweza kurekebishwa, na kwa kuwa kozi za aina hii zinafanana sana, hivyo anayetafuta ya kwake atafaidika zaidi akijua mambo ya kuchunguza kabla ya kulipa. Niseme mapema kwamba kwa afisa wa sitaha anayesimama zamu kozi hii inastahili muda wake, hasa kuanzia wiki ya tatu hadi ya saba, na kwamba kwa fundi wa chumba cha injini haina mengi.

Somo la kwanza linaeleza kwa nini lugha hii inadaiwa kwetu, na linaeleza vizuri. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, katika sura ya tano, unataka kila meli iwe na lugha ya kazi iliyoamuliwa na kuandikwa katika batli, yaani daftari la kumbukumbu za meli, na kila baharia aielewe lugha hiyo na, inapobidi, aweze kutoa amri na taarifa kwayo. Kwa mawasiliano ya usalama baina ya meli na meli, baina ya meli na nchi kavu, na baina ya rubani, yaani mwenyeji wa maji ya mahali anayepanda melini kuielekeza njia, na walio zamu katika chumba cha usukani, lugha ni Kiingereza, isipokuwa pale wahusika wote wanapokuwa na lugha nyingine wanayoielewa. Mkataba wa STCW wa mwaka 1978, unaohusu mafunzo na vyeti vya mabaharia, nao unamtaka afisa wa zamu aweze kutumia misemo sanifu ya mawasiliano ya baharini, ile iliyopitishwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, mwaka 2001. Misemo hiyo ndiyo uti wa mgongo wa kozi, na mwalimu wetu, nahodha mstaafu mwenye subira kubwa, alikuwa akiirejea kila mara tulipoanza kujipambia sentensi.

Wiki mbili za mwanzo zimetengwa kwa maneno ya sitahani, na hapo anayejiamini kwa Kiingereza cha shule ndiye hujikwaa zaidi. Akisikia "make fast" atadhani anahimizwa aharakishe, kumbe anaambiwa afunge kamba na kuikaza imara. Akisikia "let go" atafikiri watu wanaondoka, ilhali anatakiwa aachie kamba au adondoshe nanga. "Stand by" haina uhusiano na kusimama kando. Maana yake ni kuwa tayari mahali pako, mkono ukiwa juu ya kifaa, ukingoja amri inayofuata. "List" si orodha ya vitu, ni meli kulalia ubavu. Kila neno limeambatanishwa na video fupi iliyopigwa sitahani kweli, na ile ya "make fast" nimeikumbuka hadi leo: mtu anazungusha kamba kwenye nguzo kwa mizunguko ya umbo la nane, polepole, bila papara yoyote, huku sauti ikirudia neno lile lile ambalo wanafunzi wengi tulikuwa tumelitafsiri kuwa haraka. Mwalimu alipogusia neno la rubani nilifurahi kwa siri, maana katika Kiswahili rubani alikuwa wa chombo cha majini muda mrefu kabla ya kuwapo ndege yoyote ya kurushwa, na hapo mzungumzaji wa Kiswahili hana cha kujifunza upya.

Kinachoipa kozi hii thamani yake kinaanza wiki ya tatu, katika masomo ya vitangulizi vya ujumbe. Misemo sanifu ina vitangulizi vinane, ambavyo kwa Kiswahili ningeviita agizo, ushauri, onyo, taarifa, swali, jibu, ombi na kusudio, na msemaji anaweza kutanguliza kimojawapo kabla ya ujumbe wenyewe ili anayesikiliza ajue tangu neno la kwanza anaambiwa jambo la aina gani. Nilikuwa nimevisikia kazini na kuviona kama mapambo ya vituo vya kuongoza meli. Mwalimu alitumia saa nzima kutuonyesha uzito wake, kwa kutoa sentensi moja inayomtaka nahodha abadili mwelekeo na kuisoma mara mbili, mara ya kwanza kama agizo na mara ya pili kama ushauri. Anayetoa agizo lazima awe na mamlaka kamili ya kulitoa, ilhali ushauri unaacha uamuzi kwa anayeupokea. Kama kitangulizi kimeachwa, nahodha aliye upande wa pili atabaki akijiuliza kama anaambiwa au anashauriwa, na kujiuliza huko hutokea wakati meli inaendelea kusogea.

Kutoka hapo mwalimu aliingia katika maneno ambayo misemo sanifu inatutahadharisha nayo, yaani yale ya "may", "can", "might", "should" na "could". Anayesema "you may enter" huenda anatoa ruhusa na huenda anabashiri tu. Nilipolisikia hilo nilijichunguza lugha yangu mwenyewe, nikaona kwamba na sisi tuna mtego huo huo: tukisema "unaweza kuingia", yaweza kuwa tunaeleza kwamba chombo kina uwezo wa kupita, kwa kuwa kina cha maji kinatosha, au kwamba kimeruhusiwa kupita. Tukiwa sebuleni maana hujitokeza yenyewe kwa kumtazama msemaji usoni, lakini redioni hakuna uso. Ndiyo maana misemo sanifu inakutaka uulize kama una ruhusa, kwa neno la ruhusa lenyewe, na ujibiwe kwamba unayo au huna, na kama unaeleza utakalofanya utangulize kusudio na useme utalifanya.

Zoezi la wiki ya nne ndilo lililonifundisha zaidi ya mengine yote. Programu ya kozi ina redio ya kuigiza, yenye mikwaruzo na sauti za meli nyingine zinazoingiliana, na kila mwanafunzi hupewa meli yake. Mimi nilikuwa na meli ya makontena katika ukungu, nikikaribia mlango wa bandari, na mwalimu alikuwa kituo cha kuongoza meli. Kwa makusudi, bila kutuonya, aliniuliza swali la kukanusha, kwamba bado sijalipita boya fulani. Nilikuwa kweli sijalipita, nami nikajibu "yes". Kwa mazoea ya Kiswahili jibu langu lilikuwa sahihi kabisa, kwa sababu mtu akituuliza "hujalipita?" tunasema "ndiyo, sijalipita", tukikubaliana na kauli ya muulizaji. Katika Kiingereza jibu hilo lilisomeka kwamba nimelipita. Mwalimu akairuhusu meli ya mwenzangu itoke kwa njia ile ile niliyokuwa ningali nimeikalia, na katika ramani ya kielektroniki iliyokuwa mbele yetu sote alama mbili zikaanza kukaribiana. Alisimamisha zoezi, akanyamaza kidogo, kisha akamwomba kila mmoja aseme kwa lugha ya kwao angejibu nini. Kati ya wanafunzi wanane, watatu tungejibu vile vile. Dawa imo ndani ya misemo sanifu yenyewe, inayotaka jibu la ndiyo au la lifuatwe na kauli kamili: ukisema kwamba ndiyo, umelipita boya, au la, hujalipita, hakuna tafsiri ya pili inayobaki. Nimesimama zamu kwa miaka kadhaa nikijibu kwa neno moja, na hakuna aliyewahi kunieleza hatari hiyo kwa mfano ulionigusa kama huo.

Masomo ya namba ni mafupi na yamepangwa vizuri. Namba husomwa tarakimu moja moja, hivyo mwelekeo wa nyuzi 150 husomwa moja, tano, sifuri, na nukta ya desimali hutamkwa kwa neno lake. Umuhimu wake unaonekana ukikumbuka jinsi "fifteen" na "fifty" zinavyofanana katika kelele. Kozi haikusahau kwamba amri za usukani zimeachwa nje ya kanuni hiyo, kwa kuwa pembe ya usukani ya nyuzi 15 hutamkwa "fifteen" moja kwa moja. Ukikosea tarakimu, unatamka kwamba umekosea, unatamka neno la kusahihisha, kisha unatoa kipande kilichosahihishwa. Kusita na kugugumia huku ukirudi nyuma, jambo ambalo wengi wetu hulifanya, kumewekewa alama katika programu, na kila ulipogugumia taa ndogo nyekundu iliwaka pembeni mwa skrini. Mwanzoni iliniudhi, lakini kufikia wiki ya sita ilikuwa haiwaki tena kwangu.

Kuna somo moja la historia ambalo wanafunzi wengine waliliona kama starehe, nami naliona la lazima. Upande wa kulia wa meli, "starboard", ulipata jina lake kutokana na kasia la usukani lililofungwa upande huo katika vyombo vya kale vya kaskazini mwa Ulaya, na upande wa kushoto uliitwa "larboard". Maneno hayo mawili yalikaribiana mno kwa sauti, hadi mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza likaamuru neno "port" litumike badala ya lile la kushoto, na jeshi la majini la Marekani likafanya hivyo mwaka 1846. Hata hivyo amri za usukani katika meli za Kiingereza ziliendelea kufuata mkono wa usukani wa kale, ambao husogezwa upande ulio kinyume na meli inakoelekea, kiasi kwamba hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliyeamriwa "starboard" aliigeuza meli kushoto. Mtu akishalijua hilo haoni tena misemo sanifu kama ubabe wa wakubwa waliokaa ofisini. Anaona kazi ya muda mrefu ya kuondoa mkanganyiko mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukiwa umewagharimu watu kabla ya kuondolewa.

Sasa nije kwenye kasoro, na kubwa kuliko zote imo katika wiki ya nane, inayohusu ajali. Kozi imechagua ajali zinazofaa. Mojawapo ni moto wa meli ya abiria ya Scandinavian Star, usiku wa tarehe 7 Aprili 1990, iliyokuwa njiani kutoka Oslo kwenda Frederikshavn, ambamo watu 159 walipoteza maisha na ambamo mabaharia na abiria, na hata mabaharia wenyewe kwa wenyewe, walishindwa kuelewana. Nyingine ni ya Cosco Busan, meli ya makontena iliyogonga nguzo ya daraja la ghuba ya San Francisco katika ukungu tarehe 7 Novemba 2007 na kumwaga mafuta majini. Rubani alimuuliza nahodha maana ya alama za pembetatu nyekundu katika ramani ya kielektroniki, akajibiwa kwamba zinaonyesha katikati ya daraja, ilhali zilikuwa alama za maboya. Wachunguzi walitaja mambo kadhaa, ikiwamo dawa alizokuwa akitumia rubani, na walitaja pia kwamba rubani na nahodha hawakuzungumza vya kutosha kabla ya meli kuondoka bandarini wala safarini.

Baada ya masimulizi hayo mazito kozi inakupa nini? Inakupa jaribio la msamiati. Unaulizwa jina la alama fulani, unaulizwa msemo wa kumwelekeza abiria kwenye kituo cha kukusanyikia, kisha unapewa alama zako na kuendelea na wiki ya tisa. Nilisikitika, kwa sababu tatizo lililo kubwa zaidi katika ajali ya pili halikuwa upungufu wa maneno. Watu wawili walikuwa wamesimama katika chumba kimoja cha usukani, mmoja mwenyeji wa maji hayo na mwingine mgeni mwenye lugha nyingine, na swali lenye shaka ndani yake likapata jibu ambalo halikufuatwa na swali jingine. Namna ya kuuliza mara ya pili, na hasa namna ya kumuuliza aliyekuzidi cheo, ndiyo iliyopaswa kufundishwa hapo, na imepewa nusu ukurasa.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya ile nanga. Nilikuwa gubetini, mbele kabisa ya meli, pamoja na serahangi, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, usiku, upepo ukivuma kiasi, na nahodha alikuwa akiamuru kwa redio ya mkononi kutoka chumba cha usukani. Mnyororo wa nanga hupimwa kwa vipande vyenye alama, kila kimoja mita 27.5, na idadi ya vipande huhesabiwa ama alama ikiwa usawa wa sitaha ama ikiwa usawa wa maji. Nahodha alisema vipande vitano majini. Mimi, kwa kelele za mashine ya kuvutia nanga, nilisikia vipande vitano na sikusikia lililofuata. Mchana wa siku hiyo nilikuwa nimekaripiwa kwa kuuliza jambo mara mbili, na sikutaka kuuliza tena. Nilijibu "OK, sir", nikasimamisha mnyororo alama ya tano ilipofika sitahani. Upungufu ulikuwa wa mita chache, na usiku ule haukumdhuru mtu, lakini katika batli kuliandikwa urefu ambao haukuwa wa kweli, na alfajiri upepo ulipozidi, nahodha alikuwa akipima mzunguko wa meli kwa urefu huo. Ningeyarudia maneno yake kama nilivyoyasikia, angeligundua pengo mara moja. Kozi inafundisha kurudia amri kwa ukamilifu, na inafundisha vizuri kwa mshika usukani, ambaye hutakiwa kurudia kila amri anayopewa. Haikuyapeleka mazoezi hayo gubetini wala tezini, nyuma ya meli, ambako kelele ni nyingi zaidi na afisa mdogo yuko peke yake na aibu yake.

Kasoro ya pili ni sauti. Karibu rekodi zote zimesomwa na Waingereza, ndani ya chumba kisicho na kelele, kwa lafudhi safi ambayo katika miezi saba iliyopita niliisikia redioni mara chache mno. Ripoti ya mwaka 2021 ya BIMCO, jumuiya ya kimataifa ya kampuni za meli, na Chama cha Kimataifa cha Wenye Meli ilikadiria mabaharia wa meli za kimataifa kuwa watu milioni 1.89, na nchi zinazotoa wengi zaidi ni Ufilipino, Urusi, Indonesia, China na India. Sauti itakayokuita kwenye chaneli ya 16, ile ya redio ya kuitana na ya dharura, saa nane za usiku yaelekea ni ya mtu wa mojawapo ya nchi hizo, na masikio yako yanapaswa kuzoezwa kwake. Programu ina kitufe cha kupunguza kasi ya msemaji, na wanafunzi wengi walikipenda, lakini mimi nilikiacha baada ya siku ya pili, kwa sababu melini kitufe hicho hakipo na njia pekee ya kumpunguza mtu kasi ni kumwomba. Lafudhi nilizozihitaji nilizipata kwa wanafunzi wenzangu katika vipindi vya moja kwa moja, vya saa mbili kila wiki, na kama vipindi hivyo vingekuwa viwili kwa wiki, hata kwa kupunguza rekodi, kozi ingekuwa bora maradufu.

Masomo ya kuandika, ya kujaza batli na kumwachia maelezo afisa anayepokea zamu, yanafaa na hayana la ajabu. Kuhusu injini kuna somo moja tu, linaloorodhesha sehemu za mashine bila kumpa fundi nafasi ya kuripoti hitilafu kwa sauti. Mwenzangu mmoja aliyekuwa afisa wa tatu wa injini aliacha katika wiki ya nne, na simlaumu. Anayejiandikisha ajue pia kwamba cheti kinachotolewa ni cha kuhudhuria na kufaulu kozi hiyo tu. Hakichukui nafasi ya mafunzo yaliyoidhinishwa na mamlaka ya nchi inayokupa cheti chako cha ubaharia, na tangazo la kozi lilipaswa kulisema hilo kwa herufi kubwa kuliko ilivyofanya.

Mtihani wa mwisho ni wa dakika 40, nusu ya kusikiliza na nusu ya kuzungumza redioni na watahini wawili usiowajua. Katika sehemu ya pili mikwaruzo ilimeza kina cha maji mbele yangu, nikasema "say again". Nilirudiwa, nikapata tarakimu ya kwanza na kuikosa ya pili, nikaomba tena, na mara hii nikaisikia, nikairudia yote tarakimu moja moja, mtahini akathibitisha. Nilitoka hapo nikiwa na furaha kubwa, kwa sababu ndilo jambo nililoshindwa kulifanya gubetini. Karatasi ya matokeo ilipokuja niliona nimefaulu vizuri, na chini kabisa, katika mstari wa ufahamu wa kusikiliza, nimekatwa alama mbili kwa kuomba kurudiwa, alama moja kwa kila ombi. Nimewaandikia waandaaji barua ndefu nikiwaomba wakiondoe kipengele hicho kabla ya kundi linalofuata, nikawaeleza habari ya nanga kama nilivyoieleza hapa, na mwalimu wetu ameniambia kwamba ameiunga mkono kwa maandishi. Uamuzi wao haujatoka.